Filta Iliyokaa Sawasawa

Januari iliyopita, asubuhi moja ya nyuzi 12 chini ya sifuri, niliwasha mashine yangu ya kuchanja kuni, nikalaza gogo la mwaloni, nikasukuma leva. Kabari ilikwenda polepole kuliko kawaida, lakini gogo lilipasuka. Nikavuta leva ili pistoni irudi. Hapo nikasikia mlio mfupi karibu na gurudumu la kushoto, kama tairi la baiskeli linapopasuka, na nilipotazama chini theluji ilikuwa imeshageuka rangi. Oili ilikuwa inaruka kutoka ubavuni mwa filta, lile kopo linalochuja oili ya mashine, nyembamba na pana kama upanga, rangi ya asali.

Nilizima injini kwanza, ndipo nikainama. Gasketi ya filta, yaani mpira wa kuziba, ilikuwa imesukumwa nje upande mmoja, ikaning'inia kama ulimi. Galoni mbili hivi za oili zilikuwa chini. Siku nzima iliyobaki nilimwaga unga wa mbao, nikachota theluji yenye oili kwa koleo na kuitia kwenye ndoo zenye mifuniko, kwa sababu bondeni nyuma ya nyumba yangu kuna kijito, na theluji ikiyeyuka kila kitu huishia huko.

Filta ile niliifunga mwenyewe mwezi wa Oktoba. Iliingia vizuri. Thredi, yaani meno yake ya kufungia, zilikubali, gasketi ilikaa, haikuvuja hata tone kwa miezi mitatu. Ndiyo maana naandika, maana naamini wapo wenzangu wengi wanaochagua filta kama nilivyochagua mimi: unapeleka ya zamani dukani, kijana wa kaunta anaizungusha mkononi, anatafuta inayofanana, anaijaribu kwenye thredi, anakwambia ndiyo hii.

Nieleze kidogo nilipo. Naishi Lewiston, jimbo la Maine, kaskazini mashariki ya Marekani. Ni jimbo la misitu, na watu wengi hupasha nyumba joto kwa jiko la kuni la chuma. Nyumba yetu hutumia marundo manne kwa msimu, na rundo moja kwa kipimo chao ni futi nne kwa nne kwa nane, yaani karibu mita za ujazo 3.6. Mimi nimezaliwa Njombe, kwa hiyo baridi na kuni si vitu vigeni kwangu. Kwetu tulichanja miwati kwa shoka, na mwati mbichi ukiupiga penye mstari wake unafunguka wenyewe. Mwaloni wa huku ni jambo jingine. Ukiwa na fundo, shoka linanasa, na unabaki unahangaika kulitoa huku vidole vikifa ganzi. Nilipovuka miaka 40 mgongo ulisema imetosha, nikanunua mashine iliyotumika kutoka kwa mzee jirani yetu. Haikuwa na kitabu. Mzee mwenyewe ni wa ukoo uliotoka Quebec zamani kuja kufanya kazi katika viwanda vya nguo vya mji huu, na Kifaransa bado anakizungumza nyumbani.

Mashine hizi huuzwa kwa tani. Yangu ni ya tani 22 za Kimarekani, na tani hizo ni hesabu tu: silinda yenye kipenyo cha inchi 4 ina eneo la inchi za mraba 12.57, na presha ya juu ya oili ni pauni 3,500 kwa kila inchi ya mraba. Zidisha, utapata karibu pauni 44,000. Nguvu yote hiyo inabebwa na oili, na oili hiyohiyo inapita katika pampu ya gia ambayo nafasi kati ya meno yake na ukuta wake ni ndogo kuliko unene wa unywele. Chembe ya mchanga ikiingia humo inakwaruza. Mkwaruzo unazaa chembe nyingine, nazo zinakwenda kukwaruza kwingine. Filta imewekwa kukata mzunguko huo.

Aliyenifungua macho ni rafiki yetu mmoja Mkongomani, mtu wa makamo ambaye sote hapa mtaani tunamwita Papa. Alifanya kazi miaka mingi kwenye magari makubwa ya migodini upande wa Kolwezi, na haidroliki, yaani mitambo inayosukumwa kwa presha ya oili, anaijua kama mama anavyojua kulia kwa mtoto wake. Alikuja jioni ileile, akaifungua filta kwa mkono, akaipeleka penye taa.

"Dada, hii filtri iko ya moteri," akasema. "Haiko ya haidroliki."

"Lakini Papa, imeingia vizuri kabisa."

"Kuingia imeingia. Lakini nani alikwambia iko nafanya kazi gani?"

Akaomba msumeno wa chuma, kisha akabadili mawazo, akasema msumeno utatia unga wa chuma ndani na hatutajua upi ni wa mashine na upi ni wetu. Tukatumia kifaa cha kukatia mabomba, kile chenye gurudumu dogo lenye makali, tukakizungusha taratibu mpaka kopo likafunguka kama kopo la maziwa. Ndani kulikuwa na karatasi iliyokunjwakunjwa kama marinda ya sketi. Upande mmoja marinda yalikuwa yamelala, yamebanana, yamesukumwa kuelekea katikati. Papa alikata kipande cha karatasi, akakikamua kwa kitambaa, akakitandaza juu ya gazeti. Tukakigeuzageuza chini ya taa. Kilikuwa kinametameta, unga laini kabisa wa fedha, na katikati vichembe vitatu vya rangi ya dhahabu.

"Hii nyeupe ni nyumba ya pampu," akasema Papa, akimaanisha aluminiamu ya mwili wa pampu. "Hii ya manjano ni bushi."

Halafu akanionyesha kilichokosekana. Baadhi ya filta za aina hii, chini ya marinda, huwa na kivalvu chenye springi. Mafundi wanaiita baipasi. Kazi yake ni hii: filta ikiziba, au oili ikiwa nzito kwa baridi, presha inapanda upande wa kuingilia. Ikifika kiwango fulani, springi inasalimu amri na oili inapita pembeni bila kuchujwa. Unapoteza uchujaji kwa muda, lakini kopo halipasuki, karatasi haiporomoki. Filta yangu ile ya Oktoba haikuwa na kivalvu hicho. Zipo injini ambazo baipasi imejengwa ndani ya injini yenyewe, kwa hiyo filta zake hutengenezwa bila hiyo. Kwenye injini yake, filta ile ni nzima na nzuri. Kwenye mashine yangu, kile kichwa cha chuma ambacho filta inafungwa nacho hakikuwa na baipasi. Kilikuwa kinategemea iliyo ndani ya filta. Basi oili haikuwa na njia nyingine popote.

Kwa nini ilishikilia miezi mitatu? Kwa sababu Oktoba na Novemba oili ilikuwa bado nyepesi. Oili ninayotumia ina namba 32, na namba hiyo ni kipimo cha uzito wake wa kutiririka kwenye joto la nyuzi 40. Ikifika nyuzi sifuri inakuwa nzito karibu mara kumi. Siku ile tulikuwa chini zaidi ya hapo, na mimi sikuipa mashine hata dakika tano za kupata joto.

Na kwa nini ilipasuka wakati pistoni inarudi, si wakati inapasua gogo, penye nguvu zote? Swali hili lilinisumbua sana usiku ule, na jibu lake ndilo lililonifundisha kuchagua.

Filta ya mashine hizi kwa kawaida iko kwenye bomba la kurudisha oili tangini. Haiko kwenye mstari wa presha ya 3,500, kwa sababu kopo lile jembamba lisingedumu hata sekunde. Huko ungehitaji nyumba ya chuma kizito na bei yake. Haifai pia kuwa kwenye mstari wa kufyonza, kwa maana pampu haina nguvu ya kuvuta oili kupitia karatasi yenye matundu madogo. Ukiibana, oili inatengeneza mapovu, na mapovu yakipasukia ndani ya pampu yanaula ule mwili wa aluminiamu. Kwenye kufyonza panawekwa chujio la waya tu, yangu ina matundu ya maikroni 150 hivi, yaani milimita 0.15, ya kuzuia vipande vikubwa. Kazi yenyewe inafanyika kwenye kurudi.

Sasa tazama kinachorudi. Pampu yangu ni ya hatua mbili: ikiwa haina mzigo inasukuma galoni 11 kwa dakika, na kabari ikigusa gogo presha ikapanda, gia kubwa zinaachia na zinabaki ndogo zinazosukuma galoni tatu tu, kwa nguvu nyingi. Kwa hiyo wakati wa kupasua, oili inayopita kwenye filta ni kidogo. Wakati wa kurudi ni kinyume. Pampu inatoa galoni zake zote 11, lakini inazijaza upande wa silinda wenye fimbo ya pistoni, na fimbo hiyo inachukua nafasi. Fimbo yangu ni ya inchi 1.75. Ukiitoa, eneo linabaki inchi za mraba 10.16, wakati upande wa pili ni 12.57. Maana yake kila galoni 11 inayoingia upande mmoja inasukuma karibu galoni 13.6 kutoka upande wa pili, na zote zinakimbilia kwenye filta. Hiyo ni lita 51 kwa dakika. Pampu imeandikwa 11, filta inaona karibu 14.

Hesabu hii niliifanya kwenye meza ya jikoni, kwa kalamu ya mwanangu, na nilipoimaliza nilihisi hasira. Yule kijana wa kaunta namwelewa, alitazama alichopewa. Hasira yangu ilikuwa kwamba miezi mitatu nzima mashine ilikuwa inaniambia. Kurudi kwa pistoni kulikuwa kumeanza kulegea tangu Desemba, na mimi nilidhani ni baridi tu.

Basi nilichagua hivi, safari ya pili.

Nilianza na thredi, kwa sababu bila hiyo hakuna mazungumzo. Nilipima kichwa kwa kalipa na geji ya thredi: inchi moja kamili, meno 12 kwa inchi. Hii ni ya kawaida kwenye mashine za kuni, lakini usikubali kwa macho. Kuna ya inchi moja yenye meno 14, na ukiwa na haraka itashika mzunguko wa kwanza ukadhani imekubali. Ukiilazimisha kwa spana ya mnyororo umeharibu kichwa. Nikapima pia gasketi, kipenyo cha ndani na cha nje, kwa sababu thredi zinaweza kukubali huku gasketi ikikaa ukingoni mwa sehemu yake badala ya katikati.

Baada ya hapo nikashughulikia baipasi, na hapa nilitumia pesa zaidi. Ningeweza kutafuta filta yenye kivalvu ndani. Papa alinishauri nibadili kichwa kabisa, niweke chenye baipasi yake, ya pauni 25 kwa inchi ya mraba. Hizo pauni 25 ni pungufu ya upepo wa tairi la gari dogo. Faida ya kuiweka kwenye kichwa ni kwamba siku nikisahau, au siku mtu mwingine akibadilisha filta mimi sipo, usalama haumo ndani ya kopo linalotupwa. Kichwa kipya kina mshale wa kuonyesha oili iingie wapi. Ukikifunga kinyumenyume, baipasi haitafanya kazi kama ilivyokusudiwa, na mashine itaendelea kuunguruma kama kawaida bila kukupa dalili yoyote.

Kisha maikroni. Maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita; unywele ni kama 70, na jicho letu linaishia karibu 40. Filta za mashine hizi nyingi huja za 10 au 25. Watu hubishana sana juu ya hili, na wengi wao wanabishana juu ya namba iliyo kwenye boksi bila kuuliza namba hiyo ina maana gani. Kopo mbili zinaweza kuandikwa 10 zote. Moja linanasa nusu ya chembe za ukubwa huo, jingine linanasa 199 katika kila 200. Tofauti hiyo huandikwa kwa herufi ya Kigiriki, beta: beta 2 inaachia moja katika kila mbili, beta 200 inaachia moja katika kila 200. Upo utaratibu wa kimataifa wa kupima, ISO 16889. Kampuni inayojivunia filta yake huichapa beta hiyo kwenye karatasi ya maelezo. Ambayo inaandika "maikroni 10" peke yake, mimi naichukulia kuwa ya kunasa nusu mpaka inionyeshe vinginevyo.

Shida ya 10 ni baridi, maana matundu madogo yanazuia oili nzito zaidi, na baipasi ikiwa wazi asubuhi nzima huchuji kitu. Ya 25 inapitisha kwa urahisi lakini inaacha mengi. Nilichagua 10, lakini kopo refu. Thredi zilezile, gasketi ileile, urefu karibu mara mbili ya lile la zamani, karatasi nyingi zaidi ndani, na uwezo wa galoni 25 kwa dakika. Oili inagawanyika kwenye eneo kubwa, kila sehemu inapitisha kidogo. Kabla ya kununua nilipima kwa kipande cha mti chenye urefu uleule, nikakishikilia chini ya kichwa na kuinamisha mashine kama ninavyoisimamisha kwa magogo mazito. Kati ya kopo na gurudumu palibaki vidole viwili. Laiti pasingebaki, ningeacha.

Kulifunga ni kazi ya dakika kumi, ila kuna sehemu moja nataka uifanye polepole. Ukitoa filta ya zamani, ingiza kidole kwenye kichwa uzungushe pale gasketi inapokaa. Mara nyingi gasketi ya zamani inabaki imeganda juu, nyeusi juu ya nyeusi, huioni. Ukifunga mpya juu yake zinakuwa mbili, na mbili hazishiki. Ukishahakikisha, paka gasketi mpya oili kidogo, zungusha mpaka iguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Spana ni ya kufungulia. Kisha endesha pistoni mbele na nyuma mara kadhaa bila gogo ili hewa itoke, na upime oili pistoni ikiwa imerudi ndani kabisa. Na ukitafuta kama inavuja mahali, tumia kipande cha boksi, usipitishe mkono, hasa kwenye mipira ya presha. Oili ya presha ile inatoboa ngozi kama sindano, kidonda kinaonekana kama tundu la pini, na mtu anaweza kupoteza mkono kwa kuchelewa hospitali.

Siku hizi kukiwa na baridi naiacha mashine iungurume dakika kumi bila mzigo, kisha napeleka pistoni nusu na kuirudisha, nusu na kuirudisha, mpaka naona mwendo wake umekuwa mwepesi. Nimefunga pia saa ndogo ambayo waya wake unazungushwa kwenye waya wa plagi, inahesabu masaa ya injini, kwa sababu mashine haikuja nayo.

Ilipofika masaa 25 nikaitoa ile filta mpya, ingawa ilikuwa bado na maisha. Nilitaka kuona. Papa alikuja, na mzee jirani akavuka uzio kwa fimbo yake. Tulilikata kopo barazani, tukatandaza karatasi. Marinda yalikuwa yamesimama yote, yameachana sawasawa. Wale wawili walianza kusemezana kwa Kifaransa, kila mmoja na lafudhi yake, vichwa vimegusana juu ya gazeti, mzee akinyoosha kidole na Papa akikubali. Nikauliza wanasema nini.

"Anasema alipoiuza alijua pampu imeanza kuchoka," Papa akaniambia. "Anaomba samahani."

Unga wa fedha ulikuwepo bado, kidogo kuliko ule wa Januari, na chembe ya dhahabu moja. Nimeanza kuweka akiba ya pampu. Kwa sasa kopo la pili liko kwenye kichwa, limeandikwa tarehe na masaa kwa kalamu ya wino mzito, na kuna marundo mawili ya mwaloni yanayonisubiri kabla theluji haijaanza tena.